Laptopu Iliyougua Ikifika Nainokanoka

Siku hizi sishiki tena chuma cha solda. Macho yamekataa kazi, na mkono wa kulia unatetemeka nikishika kitu chembamba. Lakini nyie vijana mafundi wa hapa Karatu hamnipi nafasi ya kustaafu. Mnakuja kunywa chai yangu, mnakula maandazi yangu, halafu mnatoa swali lile lile: "Mama Redio, kuna laptopu ya zamani inazingua. Kioo kinacheza, mara kinakuja, mara kinakata. Tubadilishe kioo?"

Kubadilisha, kubadilisha! Nyie mkiumwa jino mtataka kubadilisha kichwa kizima. Haya, kaeni. Leo nawajibu mara moja, msije mkanirudia tena.

Kitu kilichokufa ni rahisi. Kimekufa, unakifungua, unatafuta kilichoungua. Kinachomtesa fundi ni kile kinachoumwa na kupona chenyewe. Mteja analalamika, unawasha mbele yake, kioo kinang'aa kama sahani ya sikukuu. Yeye anaona haya, wewe unamwona mwongo, mnaagana mmenuniana. Kesho yupo tena mlangoni.

Mimi ugonjwa huo nilifundishwa na redio. Nilikuja hapa kutoka Rombo miaka ya tisini kwa kuolewa, mume wangu akiuza spea za magari. Kukaa dukani kupanga boliti kulinishinda, nikajipeleka kwa Mzee Akonaay, Mwiraqw wa Endamarariek aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibanda nyuma ya soko. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mchaga, hapa hakuna cha kuuza." Nikamwambia nimekuja kujifunza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanisogezea kigoda. Ndiyo nikawa Mama Redio, na hata redio zilipopungua mezani zikaja kompyuta, jina halikubanduka.

Kulikuwa na bwana mmoja mkulima wa ngano wa Mbulumbulu. Redio yake kwetu inaimba kutwa, kwake inazima kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Nilishabadilisha kila nilichoweza kubadilisha, kama nyie tu. Mzee Akonaay akafunga kibanda, tukapanda mpaka Mbulumbulu, tukaketi kwa yule bwana tukimwangalia. Jua likazama, baridi ikaanza. Mwenye redio akachukua blanketi zito, akaifunika redio gubigubi, akaacha antena tu nje. Mzee akamuuliza, "Bwana, unafanya nini?" Akajibu kwa upole kabisa, "Baridi ya huku kali, mzee. Itaugua."

Loo! Redio ilikuwa inapikwa hai. Ikishapata joto inazima, asubuhi akiifunua imeshapoa, inaimba. Mzee hakumcheka mtu nyumbani kwake. Alimwambia, "Hii redio ina damu ya moto, iache ilale bila blanketi." Tulicheka njiani mpaka ikabidi tukae kando ya barabara. Tangu siku ile alikuwa akiniambia usimuulize mtu kitu chake kimeharibika wapi, muombe akitumie wewe ukiangalia. Ni neno jepesi, na mimi nililisahau kila kilipokuja kifaa kipya.

Laptopu zilianza kuingia kwetu na watalii. Mtalii anaondoka, anamwachia dereva wake iliyochakaa, dereva anatamba nayo wiki moja, kisha barabara inaifanya ilivyozoea kufanya. Nimetoa humo ndani vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Nimetoa sisimizi, nimetoa punje za ulezi, na siku moja nikatoa mjusi mkavu kama ukuni. Mwenye laptopu akaniambia nimpe mjusi wake. Nikampa, ni haki yake.

Sasa sikilizeni. Kioo kikicheza, msikimbilie kioo. Chomeka kwanza monita nyingine, hata ile nene ya zamani, ya kichogo. Picha ikitulia kule, basi ubongo wa mashine ni mzima, ugonjwa uko njiani kwenda kwenye kioo. Kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu kwa mbali, ujue picha ipo, taa ya nyuma ndiyo imekata. Mashine ikionyesha mistari hata kwenye monita ya nje, chomoa memori, sugua meno yake na raba ya kufutia penseli, irudishe. Halafu shika ukingo wa kioo kwa vidole viwili, ukitikise kwa huruma. Picha ikishtuka, fuata waya. Waya wa kioo unapita ndani ya bawaba, na bawaba ndiyo goti la laptopu. Kila ukifungua na kufunga, waya unakunjwa hapo hapo.

Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado laptopu ya Namnyak ilinitoa jasho.

Namnyak alikuwa binti wa Kimaasai wa upande wa Nainokanoka, huko juu nyuma ya kreta. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mrefu, mpole, anaongea kama anayepima kila neno. Mgeni mmoja aliyetembelea kijiji chao aliwaachia laptopu nzito kama tofali, na Namnyak akaigeuza kuwa mwalimu msaidizi. Aliandika maneno kwa herufi kubwa, akaweka na picha: ng'ombe, maji, mtoto. Kina mama walikuja kusoma mchana, wakishateka maji na kabla mifugo haijarudi. Umeme walitoa kwenye betri ya gari iliyokuwa ikichajiwa na jua.

Chumba cha darasa kilikuwa stoo ya dawa za mifugo. Aliyewapa ni Mzee Saning'o, mwenyekiti wao. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuamini kwamba mama mwenye wajukuu anaweza kufundishwa kusoma na binti wa juzi. Na baba yake Namnyak alikuwa ameweka sharti lake: darasa likifa, binti arudi nyumbani aolewe na mtu waliyekwisha kumchagua. Namnyak hakumtaka mtu huyo. Aliniambia hayo huku akiangalia sakafu ya kibanda changu, na mimi nikajikuta nasogeza bisibisi huku na huku bila kazi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Katikati ya somo kioo kinatoa mistari, kinageuka cheupe, kinazima. Baadaye kinarudi kama hakuna kilichotokea. Kina mama wakawa wanasema mashine imefumba macho.

Alipoileta kwanza nikaisugua memori, nikaiwasha, safi. Nikamwambia, "Imepona, mwanangu, nenda kafundishe." Nilijiona daktari bingwa. Akairudisha. Nikaifungua yote, nikaipiga brashi, nikakaza kila skrubu, nikatikisa na kioo, hakikushtuka. Nikaiacha mezani inaonyesha picha kutwa nzima, haikukohoa hata kidogo. Akaondoka nayo, akarudi tena, na safari hii alikuwa amevimba macho.

"Mzee Saning'o amesema Alhamisi atakuja kukaa darasani mwenyewe," akaniambia. "Amesema mashine ikifumba macho mbele yake, chumba kinarudi kuwa stoo."

"Lakini Namnyak, kwangu haiumwi!" nikasema, na nakiri nilisema kwa ukali.

"Ndiyo, mama. Inaumwa nyumbani tu."

Nikakumbuka blanketi la Mbulumbulu.

Mume wangu alishangaa sana. "Unaifuata laptopu mpaka kwa nyati?" Nikamwambia fimbo ya mbali haiui nyoka, bwana, wewe uza spea zako. Nikabeba solda yangu ya betri ya gari, tochi, bisibisi, na makopo yangu ya vikorokoro. Dereva mmoja wa landrova iliyokuwa ikipeleka mahindi huko alinisaidia kupata kibali kwenye geti la hifadhi. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa umefunga, taa zinawashwa mchana, na mimi Mchaga wa watu nikajifunika kitenge mpaka puani.

Chumba kile, jamani, kilikuwa chembamba kama korido. Meza imebanwa katikati ya kuta mbili, pembeni pamebaki upenyo wa mtu mmoja. Namnyak anakaa nyuma ya meza ameelekea mlango, laptopu mbele yake, kina mama wamejipanga nyuma yake na ubavuni, kwenye mabenchi na chini, na watoto wao mapajani, wote wanatazama kioo juu ya mabega yake. Nikapewa gunia kwenye kona nikalikalia. Nikaiangalia laptopu kama ninavyomwangalia mtoto anayetaka kuiba sukari.

Somo likaanza vizuri. Mama mmoja aliyechelewa akaingia. Namnyak akakiinamisha kioo kwa kiganja mpaka nusu, akainama juu yake, yule mama akanyoosha mkono akamgusa kichwani. Kwao mtoto na binti ambaye hajaolewa humsalimia mkubwa kwa kumpa kichwa, mkubwa akaweka mkono. Namnyak akainuka, akakiinua kioo, somo likaendelea. Akaingia mwingine, kioo nusu chini, kichwa, mkono, kioo juu. Mwingine tena. Mimi nawaza tu, huyu binti ana adabu, mama yake kazaa.

Ndipo akaingia Mzee Saning'o na fimbo yake. Namnyak akashusha kioo nusu, akainama, mzee akamgusa kichwani. Akakiinua kioo. Mistari ikatokea, ya kijani na ya zambarau, kikageuka cheupe, kikazima.

Namnyak aliweka mikono yake mapajani. Mzee akasema taratibu, "Imefumba."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilishangilia. "Nimekukamata!" Niliruka kutoka kwenye gunia huku wenzangu wako msibani. Nikakiinamisha kioo nusu, picha ikarudi. Nikakiinua, ikakata. Nusu, inakuja. Juu, inakata. Kumbe muda wote ule kwangu dukani ninaifungua mara moja asubuhi, naiacha wazi, naikaripia kwamba ni nzima! Dukani kwangu hakuna anayeiinamisha. Karatu tunasalimiana kwa mdomo.

"Kwa nini huifungi kabisa?" nikamuuliza.

"Nikiifunga inalala, mama. Kuiamsha ni mpaka kina mama wapige miayo, na betri inaisha."

"Basi kwa nini usiiache tu wazi?"

Alinitazama kama nimemwambia atoke nje bila nguo. "Nitampaje mtu kichwa changu, na kioo kimesimama katikati?"

"Si uinuke, uzunguke?"

Akanionyesha miguu ya kina mama, imejaa mpaka ukutani. Binti hawezi kuruka miguu ya wakubwa zake. Nikaangalia meza: haigeuki, ukiigeuza mlango haufunguki.

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "mashine yako haifumbi macho kwa dharau. Imevunjika goti kwa kusalimia. Nipe nafasi niitibu mbele yako."

Alinikazia macho. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akasema, "Tibu, mama."

Nikafungua bawaba. Waya mmoja umekatika, wa pili umening'inia kwa unyuzi tu. Waya wa kioo hauungwi kwa waya wowote tu, ni mwembamba mno. Nikapekua makopo yangu nikapata koili ya redio, moja ya zile za Mzee Akonaay, zenye waya kama unywele. Nikakwangua rangi yake kwa wembe, nikapaka solda, nikaunga. Mzee Saning'o alinishikia tochi mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Nikauachia waya ulegee kidogo kabla ya kuingia kwenye bawaba, usivutwe, nikaufunga kwa utepe. Mkumbuke hilo, vijana: waya uliobanwa sana hukatika tena pale pale, hata uungwe na malaika.

Nikawasha. Picha ikaja. Nikainamisha, nikainua, ikakaa. Kina mama wakapiga vigelegele. Namnyak akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa, nyie vijana, hapo ndipo fundi anapopimwa. Ningeweza kufunga makopo yangu nikaondoka na vigelegele vyangu. Lakini nilikuwa nimeuona waya ule, nyuzi zake zote zimechoka. Nikawaambia ukweli. "Itadumu ikiwa wazi. Ikiendelea kuinamishwa kwa kila anayeingia, itakatika tena, na waya wa mashine hii sijaupata hata Arusha."

Cheko la Namnyak likazimika. "Nikiacha kuinama," akasema, "nimewatukana mama zangu. Darasa litakuwa limekufa siku hiyo hiyo."

Mzee Saning'o akachukua fimbo yake. "Basi," akasema, "mashine na adabu havikai chumba kimoja." Hakusema kwa furaha. Nilimwona.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja, Koko Nashipai. Koko ndiyo bibi kwa Kimaasai. Alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, amechelewa kwa sababu ya miguu, na maneno yetu yote alikuwa ameyasikia akiwa nje. Akaingia. Namnyak kwa mazoea akapeleka kiganja kwenye kioo.

Koko akasema neno kali kwa Kimaasai, kiganja kikasimama hewani. Mama aliyekaa karibu nami akanitafsiria: "Toa mkono wako. Nitakuja mimi."

Akaanza kuzunguka meza. Kina mama wakakunja miguu, wakavuta watoto, yule bibi akapita kwenye upenyo ule akishikilia ukuta, polepole, mpaka akafika nyuma ya meza, upande wa binti. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mdogo ndiye humwendea mkubwa, tangu zamani. Koko akasimama ubavuni kwa Namnyak, akasema, "Takwenya." Namnyak akaitikia "Iko," akainamisha kichwa, bibi akakiweka kiganja chake juu. Kioo kilikuwa wazi wakati wote huo, kinang'aa.

Na kwa kuwa alikuwa ameshafika hapo, Koko akainama akakitazama. Mkono bado uko kichwani kwa binti. Midomo yake ikaanza kutembea. "Ma," akasema. "Ji." Akameza mate. "Maji."

Mzee Saning'o akakunja uso. "Nani amekwambia?"

"Hakuna," akasema Koko. "Imeandikwa."

Baadaye niliambiwa mzee mwenyewe hakujua kusoma, na siku zote alikuwa akiona haya kwa hilo. Akaegemeza fimbo tena ukutani, akaanza kuzunguka meza, kina mama wakakunja miguu upya. Alipofika, akamgusa Namnyak kichwani kwa mara ya pili siku ile, kisha akakinyooshea kioo kidole. "Na lile la chini yake," akamuuliza, "ni neno gani?"

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka kitenge kikalowa, na yule dereva wa landrova alipokuja kunichukua akadhani nimefukuzwa.

Namnyak hakurudishwa nyumbani. Laptopu ile ilidumu miaka, wazi kutwa, na ilipokufa ilikufa kwa uzee wa moyo wake. Goti lilikuwa zima. Baadaye akaenda chuo cha ualimu, akarudi kwao, akaolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, na mimi nilikula nyama kwenye harusi hiyo mpaka nikajuta.

Majuzi kabla magoti yangu hayajakataa landrova, nilipanda kumsalimia. Chumba ni kile kile, kimepakwa rangi. Maneno sasa yanaangazwa ukutani na kimashine kidogo kilichofungwa darini. Ile meza bado ipo katikati, haina kitu juu yake, hata kalamu. Siku hiyo aliyekuwa akifundisha ni binti mdogo, msaidizi wa Namnyak, amekaa pale pale alipokuwa akikaa mwalimu wake zamani. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mzee. Wanafunzi wakakunja miguu. Yule mama akaizunguka meza tupu, polepole, mpaka upande wa pili, akamwekea binti mkono kichwani.

Nikamwinamia Namnyak sikioni. "Mwanangu, mbona wanazunguka? Meza haina laptopu."

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua ni maji. "Humu mkubwa ndiye anayezunguka, mama. Ndivyo tunavyosalimia."

Nikainuka kwenye benchi langu, nikajikongoja, na mimi nikazunguka.